Rangi za aurora zinavyopima nguvu ya elektroni

Usiku wa majira ya baridi, wakazi wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, huona mapazia ya mwanga yakichezacheza angani: ya kijani, mekundu, wakati mwingine ya zambarau. Mwanga huo huitwa aurora. Wanasayansi huutumia kama kipimo, na hapa tunaeleza jinsi wanavyoupima.

Aurora hutokea elektroni zinaposhuka kutoka anga za mbali zikifuata nguvu ya sumaku ya dunia, zikagonga hewa iliyo juu sana. Hewa hupokea nishati, kisha huitoa kama mwanga.

Msumari uliopigwa kwa nguvu huzama zaidi ubaoni. Elektroni nazo ni hivyo hivyo: zenye nishati kubwa hushuka hadi kama kilomita 100 kutoka ardhini, na dhaifu huishia juu ya kilomita 200.

Rangi hutuonyesha zimefika wapi. Atomu ya oksijeni huchukua karibu dakika mbili kutoa mwanga mwekundu. Chini, ambako hewa ni nzito, hugongwa na chembe nyingine kabla ya muda huo, na mwekundu hauonekani. Mwanga wa kijani huchukua chini ya sekunde moja, kwa hiyo hung'aa chini zaidi. Wa buluu, unaotoka kwenye nitrojeni, hutoka papo hapo.

Kifaa kinachotumika ni fotomita, yenye vichujio vinavyopitisha rangi moja moja: nanomita 630.0 kwa nyekundu, 557.7 kwa kijani na 427.8 kwa buluu. Mwanga wa buluu huonyesha jumla ya nishati inayoingia. Nyekundu ikigawanywa kwa buluu, jibu dogo lina maana elektroni ni zenye nguvu; jibu kubwa, ni dhaifu.

Kipimo hiki kinahitaji usiku wa giza usio na mawingu. Tena kiasi cha oksijeni angani hubadilika, ndiyo maana matokeo hulinganishwa na ya rada.

Kwa nini tujali? Nishati hiyo hupasha joto hewa ya juu, ikatanuka na kukwamisha setilaiti. Februari 2022, wakati wa dhoruba ya sumaku, takriban setilaiti 40 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa karibuni zilipotea. Ramani ya simu yako na utabiri wa mvua tunaokusomea hewani hutegemea setilaiti pia.