Karani wa Barazani na Wakala wa Mbali

Suala linalowashughulisha leo wenye biashara ndogo ndogo, yaani kama ni heri kumwajiri karani akae dukani na kupokea mshahara kila mwezi, au kumpa kazi msaidizi aliye mbali, ambaye hajulikani ila kwa sauti na maandishi yake katika mtandao, si geni hata kidogo katika pwani yetu. Na mwenye kuzingatia jinsi matajiri wa Unguja wa karne ya 19 walivyolikabili ataona kuwa aghalabu wao hawakuchagua moja na kuliacha la pili, bali waliyapanga yote mawili yakafuatana.

Katika zama za Seyyid Said bin Sultan na wanawe, Unguja ilikuwa soko la meno ya ndovu, karafuu na sandarusi, na kadhalika soko la watumwa, dhuluma ambayo haiwezi kutengwa na hesabu za nyumba nyingi za wakati ule. Tajiri aliyekaa Forodhani hakuweza kuzifuata bidhaa zake mpaka Tabora na Ujiji, basi aliwakopesha wenye misafara nguo za merikani, shanga na nyaya, kisha akangoja. Na kungoja kwenyewe kulikuwa kwa miaka, kwani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliye mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, ambaye Taria Topan alikuwa miongoni mwa matajiri waliomkopesha, alishika safari yake kuu mwaka 1870 asirudi Unguja mpaka 1882.

Muda wote huo mali ilikuwa mikononi mwa mtu wa mbali, ila kumbukumbu yake ilikuwa nyumbani. Karani wa Kihindi, ameketi juu ya godoro na kukunja miguu, aliandika kwa hati ya Kigujarati katika daftari refu lililojalidiwa nguo nyekundu: jina la mdaiwa, idadi ya majora aliyochukua, na frasila za pembe alizoahidi kulipa, kila frasila ikiwa ratili 35. Karani huyo alikula kwa tajiri na mara nyingi alikuwa jamaa yake. Alijua nani hulipa kwa wakati na nani hulipa kwa maneno, na siri hiyo ndiyo iliyokuwa rasilmali ya nyumba kuliko fedha iliyomo sandukuni.

Ushahidi wa nguvu ya kumlea mtumishi nyumbani namna hiyo ni nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi. Jairam mwenyewe alirejea kwao Kutch katika miaka ya 1850, na shughuli zote za forodha zikasimamiwa na Ladha Damji, hata wageni walioingia Unguja walimdhania kuwa ndiye mwenye mali. Hapo bwana ndiye aliyekuwa mbali na mtumishi ndiye aliyeshika funguo, wala mambo hayakuharibika, maana Ladha hakuokotwa njiani: alikwisha kulelewa ndani ya nyumba kabla ya kuachiwa nyumba.

Kinyume chake kilimpata Dakta Livingstone, yule msafiri wa Kizungu. Bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja, kwa mkono wa huyo huyo Ladha, zilitiwa chini ya mtu mmoja aitwaye Sherifu, ambaye Livingstone amemtaja kuwa mshoni wa nguo. Na Livingstone alipofika Ujiji mwezi wa Oktoba 1871, hali amedhoofika kwa maradhi na njaa, alikuta Sherifu amekwisha kuziuza zote kwa pembe na watumwa, akitoa udhuru kuwa amepiga fali kwa Msahafu akaona kwamba mwenye mali amekufa. Wengi wameusimulia mkasa huu kuonyesha hatari ya umbali, na mimi naona wamekosea sababu yake: Tippu Tip alikaa mbali zaidi na kwa muda mrefu zaidi, walakini Tippu Tip alikuwa na jina la kulinda na deni lililoandikwa, ilhali Sherifu hakufungwa kwa Livingstone na kitu chochote, si udugu, wala sehemu ya faida, wala tumaini la kutumwa tena.

Meli za barua zilipoanza kufika Unguja kila mwezi mwaka 1872, na waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ulipofika kutoka Aden mwaka 1879, habari za bei zilianza kwenda kwa siku badala ya miezi, na wakala aliyekuwa na simu akapungukiwa na hiari yake, kwa sababu sasa aliweza kuulizwa na kuamrishwa. Hata hivyo, simu haikuondoa haja ya kumjua mtu. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyefika pwani akiwa kijana mdogo na kuanza kwa kutumika Bagamoyo, alieneza maduka yake mpaka Kisumu, Jinja na Kampala kwa njia ile ile ya wazee: aliwaleta vijana wa jamaa yake, wakajifunza kupima, kuandika na kukopesha, kisha akawapa bidhaa kwa mkopo wakafungue mbali. Udhaifu wa njia hiyo ulidhihiri alipofariki mwaka 1916, kwani madhali uaminifu ule ulikuwa umefungamana na nafsi ya mtu mmoja, nyumba yake haikudumu na ukubwa wake.

Mwenye duka dogo, ambaye hakuwa na jamaa wala mshahara wa kumlipa karani, aliipata njia yake mwenyewe katika karne ya 20. Nje ya posta na mahakama za miji yetu waliketi waandishi wa barua, baadaye wakiwa na taipureta zao juu ya meza ndogo, wakilipwa kwa barua moja moja; mwenye duka akamwendea mwandishi kwa ombi la leseni au barua ya madai, akampa maneno na ujira wake, akaondoka. Huyu ndiye babu wa msaidizi wa mtandaoni wa leo, kwa kuwa alilipwa kwa kazi na si kwa kuketi. Ila daftari la wadeni halikupelekwa pale mezani. Lilibaki chini ya kaunta, likaandikwa na mwenye duka au mwanawe.

Kwa hiyo anayepima gharama za mshahara na kodi ya ofisi dhidi ya nafuu ya kumtumia mtu wa mbali anapima jambo la kweli, lakini amelishika kwa ncha moja. Kazi inayokwisha kwa kukabidhiwa, kama barua, tafsiri au kupanga miadi, yafaa apewe mgeni, na ujira wake ukimalizika hapana aliyebaki na deni. Bali kazi inayohitaji kujua nani wa kukopeshwa na nani wa kukataliwa haina budi kuanzia karibu, hata ikiwa mwishowe itafanywa kutoka mbali. Matajiri wa Unguja hawakuogopa kumtuma mtu mwendo wa miezi. Walichoogopa ni kumtuma mtu ambaye hawajapata kuketi naye juu ya daftari moja.