Retro kwa Kiswahili: Kwa Nini "Zilipendwa" Haitoshi

Jioni moja hapa Kwamndolwa kijana wa bodaboda alikuwa ameegesha mbele ya duka, kachomeka flashi kwenye spika ndogo, na spika ikatoa wimbo wa Michael Kiwanuka. Gitaa la mwangwi mrefu, sauti za wanawake zikiitikia kwa mbali, ngoma kavu, kisha sauti ya mwanamume yenye mkwaruzo. Mjomba wangu alikuwa anasubiri kupimiwa sukari. Akatega sikio, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hizi ndizo zilipendwa, mwanangu. Hizi tumezicheza sana Korogwe."

"Samahani mzee," kijana akamjibu kwa adabu, "huu si wa zamani. Ni wa 2016."

Mjomba hakukubali, na sidhani kama amekubali hadi leo. Masikio yake hayakumdanganya, maana wimbo ule ulitengenezwa makusudi usikike kama wa miaka ya 1970. Neno ndilo lililompungukia. Mimi ninayeshinda nikihariri na kutafsiri nikagundua kwamba hata mimi sina neno la kumpa.

Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza huuita muziki wa namna hiyo retro. Asili ya neno ni Kilatini, maana yake "nyuma". Wafaransa walilitumia sana mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mavazi na filamu zilizorudisha sura ya miongo iliyotangulia, na kutoka huko likaenea. Katika uhakiki wa muziki linataja kazi mpya ambayo mtengenezaji wake ameamua ifanane na kazi za kipindi fulani kinachojulikana. Uzito wote uko kwenye kuamua. Bendi zetu zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam ziliingia chumba kimoja, maikrofoni chache, wote wakapiga kwa mkupuo mmoja. Mpiga tarumbeta akikosea, wanaanza upya. Sauti ile ya mbali kidogo, yenye joto, ilitokana na vifaa vilivyokuwapo. Miaka mingi baadaye kampuni ya Daptone ya Brooklyn, Marekani, ilikuwa na uwezo wa kurekodi kwa kompyuta kama kila mtu, lakini ikachagua mashine ya tepu ya njia nane kwa ajili ya Sharon Jones na bendi yake ya Dap-Kings. Wapigaji wa bendi hiyohiyo wanasikika kwenye albamu ya Amy Winehouse ya 2006, Back to Black. Kilichokuwa uhaba kwa wa Dar es Salaam kilikuwa uchaguzi kwa wa Brooklyn, na uchaguzi huo ndio retro.

Kiwanuka ni mfano ulio karibu nasi zaidi. Alizaliwa London mwaka 1987, wazazi wake Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Jina lenyewe si geni Afrika Mashariki. Tunamkumbuka Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1972 wakati wa utawala huohuo. Albamu ya kwanza ya Michael, Home Again, ilitoka mwaka 2012, baada ya BBC kumtaja kuwa sauti ya kutazamwa mwaka huo. Wahakiki waliipokea kwa mikono miwili, lakini mkono mmoja ulishika fimbo. Karibu kila mmoja alimtaja Bill Withers, na wengi wakamtaja Otis Redding. Waliompenda walisifu joto la sauti na ufundi wa upangaji. Waliosita waliuliza yeye mwenyewe yuko wapi ndani ya koti lile la kuazima. Pande zote mbili zilitumia neno lilelile, retro, wengine kwa kusifu na wengine kwa kulaumu. Msomaji alilazimika kuangalia sentensi nzima ili ajue ni sifa au ni lawama.

Halafu mambo yakabadilika. Love & Hate ya 2016 ilishika nafasi ya kwanza Uingereza. Novemba 2019 ikatoka albamu ya tatu, nayo akaipa jina la ukoo wake tu: Kiwanuka. Ilitengenezwa pamoja na watayarishaji Danger Mouse na Inflo, na mwaka 2020 ikashinda tuzo ya Mercury. Miaka ya 1970 bado imo tele: vinanda vya nyuzi, kwaya, magitaa yanayolia kama yamezamishwa majini. Ila safari hii wahakiki hawakumuuliza tena yuko wapi. Walimsikia. Tuzo za Grammy nazo zikaiweka katika kundi la albamu bora ya roki, jambo linaloonyesha jinsi lebo hizi zinavyoteleza hata kwa wenye lugha yao. Kwa maoni yangu, ya tatu ndiyo albamu kubwa, na ya kwanza ni albamu nzuri ya mtu ambaye bado anajifunza nyumba za wengine zilivyojengwa.

Sasa tuwekeni haya kwa Kiswahili. Neno la kwanza kuja mdomoni ni lile la mjomba. Zilipendwa ni neno tamu, na ni la ajabu kisarufi: ni sentensi nzima iliyogeuka jina. Kuna zi- ya nyimbo, -li- ya wakati uliopita, kitenzi penda, na -w- ya kutendwa. Kenya huongeza kirejeshi na kusema zilizopendwa. Mtangazaji akilitamka, kila mtu anajua zinakuja nyimbo gani. Lakini ndani yake mna hukumu iliyokwisha kutolewa, na aliyeitoa ni umma wa wasikilizaji, tena zamani. Albamu iliyotoka wiki iliyopita haijapendwa wala kuchukiwa. Mhakiki akiiita ya zilipendwa ameshajibu swali aliloajiriwa kuliuliza. Zaidi ya hapo, zilipendwa inataja nyimbo zenyewe, zile za wakati ule. Haisemi lolote kuhusu mtu wa leo anayetunga kwa namna yao.

Wengine watasema marudio. Hapana. Miriam Makeba alipoimba Malaika, ambao Afrika Mashariki iliujua kwa sauti ya Fadhili William, hayo yalikuwa marudio, maana wimbo ulikuwapo. Kiwanuka harudii wimbo wa mtu.

Kizamani ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu kimuundo ndilo hasa. Kiambishi ki- kinatupa namna ya kufanya jambo: kizungu, kisasa, kikwetu. Kizamani basi ni "kwa namna ya zamani", tafsiri safi kabisa. Bahati mbaya matumizi yameliharibu. Mwambie fundi cherehani wa Korogwe kwamba gauni lake ni la kizamani, hatakushonea tena. Kama retro ya Kiingereza inaning'inia kati ya sifa na lawama, kizamani imeshaangukia kwenye lawama.

Linabaki kikale. Ki- ni ileile ya namna, na kale ni neno ambalo Waswahili wamelitunzia heshima: tunaenda makumbusho kuona vitu vya kale, hatuendi kuona vitu vya kizamani. Gauni la kikale fundi yuleyule atakushonea, tena atakuuliza unataka mikono ya bwanga au iliyobana. Najua pingamizi: kikale hutumika pia kwa kitu ambacho chenyewe ni cha kale, kama Kiswahili cha kikale cha tenzi. Ndiyo maana sipendekezi neno hilo peke yake. Tuseme albamu mpya ya kikale. Upya unasimama wazi mbele, namna inafuata, na hakuna aliyesifiwa wala kulaumiwa bado.

Kuhusu soul, jina la aina yenyewe ya muziki anaoupiga Kiwanuka, niliiacha kama ilivyo baada ya kujaribu kuitafsiri. Muziki wa roho utampeleka msomaji kwenye injili au kwenye uganga, na soli tayari iko chini ya kiatu. Isitoshe, neno limekaa kwetu muda mrefu kwa umbo hilo. Novemba 1969 uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa, na vijana waliokatazwa walijua vizuri kabisa wanachokatazwa. Miaka mitano baadaye Bill Withers, yule ambaye wahakiki wangemtaja kila walipomtaja Kiwanuka, alikuwa jukwaani Kinshasa akiimba soul hiyohiyo.

Lipo jambo moja ambalo kikale haikamilishi, nalo ndilo lililo moyoni mwangu. Kale ya nani? Huku kwa Wazigua na jirani zao, kati ya Handeni na Korogwe, vijiji vingi vimeitwa kwa wenyewe: Kwamatuku, Kwaluguru, Kwamndolwa. Mtu anahamia leo kutoka mbali, anajenga nyumba ya bati, na bado anaishi kwa Mndolwa. Kale nayo ina mwenyewe. Kale aliyoichagua Kiwanuka ni ya Wamarekani weusi. Uganda ya wazazi wake husikii kwenye magitaa yale, ila ameiandika kwenye jina la albamu yake ya tatu. Hilo si kosa, lakini mhakiki anayesema "ya kikale" akaishia hapo hajamweleza msomaji lolote.

Muziki wa dansi ulikuwa na dawa ya jambo hili. Kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina: Western Jazz walikuwa na Saboso, Mlimani Park wana Sikinde, na Atomic Jazz ya hapa mkoani Tanga walikuwa na Kiweke. Hata jina la bendi liliweza kutaja wenyewe: Jamhuri Jazz ya Tanga ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, jina linalotukumbusha watu waliokuja kutoka bara enzi za mkonge. Kesho vijana wa Korogwe wakitoa albamu yenye magitaa ya namna ile, hatutahitaji kubahatisha. Tutasema ni albamu mpya ya kikale, kwa mtindo wa Kiweke, na mjomba wangu ataelewa, na kijana wa bodaboda ataelewa.

Kwa hiyo naomba wahariri na watangazaji wenzangu: nyimbo za Mbaraka Mwinshehe ziendelee kuitwa zilipendwa, maana zilipendwa kweli na zinapendwa. Kazi mpya yenye sura ya jana iitwe ya kikale, na papo hapo itajwe ni kale ya wapi, ya miaka gani, ya akina nani. Kama albamu ni nzuri au mbaya, mhakiki aliseme hilo kwa sentensi yake mwenyewe.