Maana ya Kusamehewa Kodi

Msomaji, usikiapo kwamba mtu au chama fulani kimesamehewa kodi, usidhani kwamba mzigo umetoweka. Barabara na mahakama zingali zinahitaji fedha. Mmoja akitua mzigo wake, wenzake hawana budi kuubeba. Kwa hiyo, kila msamaha wapaswa kuulizwa sababu yake.

Katika Ufaransa ya kale, sababu ilikuwa cheo. Makasisi na, mahali pengi, makabaila, hawakulipa kodi ya mfalme iliyoitwa taille. Makasisi walimpa mfalme kipawa tu, kwa kiasi walichokubali wenyewe. Aliyelipa hasa ni mkulima. Hata serikali ilipoelemewa na madeni ya vita, Mfalme Louis XVI alitaka wenye vyeo nao watozwe. Wakubwa aliowakusanya mwaka 1787 hawakuridhia. Mwisho wake ni mapinduzi. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 Bunge lilikomesha upendeleo huo, na tarehe 26 mwezi ule ule likatangaza kwamba kodi igawanywe kwa raia wote kwa kadiri ya uwezo wao.

Je, kila msamaha ni dhuluma? La, hasha. Upo msamaha usiotokana na nasaba bali na kazi. Sheria ya Kenya ya kodi ya mapato yaweza kuusamehe mfuko wa chama kilichoundwa kwa ajili ya kuondoa umaskini au dhiki ya watu, au kuendeleza dini au elimu, kwa kuwa chama hicho huupunguzia umma mzigo. Lakini angalia: kinachosamehewa ni mapato ya chama, wala si mishahara ya watumishi wake. Mwalimu wa shule iliyosamehewa hukatwa kodi kama wenzake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 210, imeweka mipaka. Msamaha sharti uwe umeruhusiwa na sheria. Kila msamaha na sababu yake huandikwa katika kumbukumbu zilizo wazi kwa umma. Wala hapana sheria iwezayo kumtoa afisa wa serikali katika kodi kwa ajili ya cheo chake.

Basi nawe, utakapokuwa mlipa kodi, uliza: huyu amesamehewa kwa kazi aifanyayo, au kwa kiti akikaliacho? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha haki iko wapi.