Ngome ya Mgeni: siku tuliyoenda Bigo bya Mugenyi



Likizo iliyopita tulikuwa tisa. Tulitoka Ngarama bado giza, boda mpaka Isingiro, taksi mpaka Mbarara, na pale tukakodi gari. Kila mtu alikuwa amechanga kidogo kidogo tangu miezi mitatu. Lyantonde tukaacha barabara kubwa ya Kampala, tukaingia nchi ya ng'ombe, wilaya ya Sembabule.

Mwenzetu mmoja hakutaka kuja. Alisema, "Hiyo ni historia ya wenye nchi. Sisi inatuhusu nini?" Tulimvuta tu.

Kusema ukweli, mwanzoni tulivunjika moyo. Tulifikiri tutaona kuta za mawe kama kwenye sinema. Kumbe ni majani, miti na mahandaki, kando ya mto Katonga. Lakini ukishuka ndani ya handaki, unanyamaza. Sehemu zingine linapita kimo cha mtu mara mbili, na chini wamekata mpaka kwenye mwamba. Yote pamoja yanapita kilomita 10. Hapakuwa na tingatinga, ni mikono na jembe.

Wachimbaji wa mambo ya kale walifanya kazi hapa miaka ya 1950 na 1960. Wanasema watu waliishi hapa kati ya karne ya 13 na ya 16 hivi. Wakati ule Ulaya watawa walikuwa na abasia zao za mawe, na pwani yetu Kilwa ilikuwa mji mkubwa. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331. Shuleni tulisoma ya Ulaya na ya Kilwa. Hii ya hapa karibu, hapana.

Ndani ya mahandaki kuna nafasi kubwa sana, ndiyo maana wengi wanafikiri ng'ombe walikuwa wanalindwa humo. Ntusi, si mbali, kuna vilima ambavyo ukweli wake ni majalala ya zamani: mifupa ya ng'ombe na vigae vya vyungu. Yaani takataka za jikoni zimekuwa kitabu.

Wazee wanasema waliojenga ni Bachwezi, wafalme waliokuja, wakatawala, halafu wakapotea. Mmoja wao, Mugenyi, alikuwa na ng'ombe aliyempenda kuliko vyote, jina lake Bihogo. Aliapa kwamba Bihogo akifa, na yeye atajiua. Ng'ombe akafa. Ndugu zake wakamshika asijiue, lakini aibu ikabaki, na inasemwa haukupita muda Bachwezi wakaondoka.

Mzee aliyetuongoza akauliza, "Wanangu, mnajua Mugenyi ni nini?" Kwa Kinyankole, omugenyi ni mgeni. Bigo bya Mugenyi ni ngome za mgeni.

Tuliangaliana. Yule mwenzetu aliyekataa kuja akakaa chini kwenye majani, hakusema kitu.

Aliongea usiku, kwenye gari, tukiwa tunakaribia Mbarara. Alisema bibi yake alifia hapa kambini. Alikuwa anasimulia kijiji chao kila jioni, na yeye alikuwa anacheza na simu. Sasa hajui jina la hicho kijiji. Wazazi hawapo, na hakuna mtu mwingine wa kuuliza.

Hatukuwa na jibu. Ngome ya watu waliochimba mwamba, leo hakuna anayejua kwa uhakika majina yao. Sisi nyumba zetu ni za udongo na turubai. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, watu wameingia, wamerudi, wengine wamezikwa hapa. Nani aliandika?

Jumapili iliyofuata tulinunua daftari moja. Tunapita kwa wazee, tunauliza mambo matatu: jina la kijiji, mwaka uliotoka, na njia uliyopita. Mpaka leo tumeandika wazee 14. Mmoja alilia, halafu akatuomba tumsomee tena.

Vijana, msisubiri daftari letu. Leo jioni, weka simu chini, kaa na bibi, uliza. Na nyinyi ndugu wa mashirika, mkija na fomu zenu, ongezeni swali moja: kwenu panaitwaje?