Asili na Maana ya Majina ya Wajerumani

Mtu aliyepata kujifunza habari za Kiswahili hakosi kulijua jina la Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Lakini jina hilo tulitajalo ni la ukoo tu. Majina aliyopewa utotoni ni mawili, Johann na Ludwig, nayo hayakutoka mahali pamoja. Johann ni Yohana wa Biblia, neno la Kiebrania, maana yake Bwana amefadhili. Ludwig ni la Kijerumani cha kale, nalo limeunganishwa kwa maneno mawili, sifa na vita. Mwenye jina hilo alitakiwa awe mashuhuri vitani. Hivyo mchungaji yule mmoja alibeba katika jina lake Kiebrania cha manabii na Kijerumani cha wapiganaji. Hilo si ajabu, maana majina ya Wajerumani karibu yote hushuka kwa mito miwili hiyo. Na twataka kuieleza habari yake leo, kwa kuwa ulikuwako wakati serikali yao ilipojaribu kuitenga mito hiyo kwa amri.

Na tuanze na mto ulio wa kale zaidi. Kabla ya dini ya Kikristo, na hata karne nyingi baada yake, Mjerumani alikuwa na jina moja tu, bila jina la ukoo. Jina hilo mara nyingi lilijengwa kwa maneno mawili. Friedrich ni amani na utawala. Wilhelm ni nia na chapeo. Gerhard ni mkuki na ushupavu. Bernhard ni dubu na ushupavu vilevile. Konrad ni ujasiri na shauri. Wanawake nao hawakuachwa nje ya uwanja wa vita: Gertrud ni mkuki na nguvu, Mathilde ni nguvu na vita, Hildegard ni vita na ulinzi. Karl peke yake ni neno moja, maana yake mwanamume tu, naye Karl mmoja akawa mfalme mkuu hata mataifa ya Waslavi wakalifanya jina lake kuwa neno lao la kumwita mfalme yeyote.

Hapa yatupasa kutahadhari. Viko vijitabu viuzwavyo kwa wazazi, vyenye kufasiri kila jina kama sentensi kamili, nasi hatuviamini sana. Mtu atafasirije Hildegund, ambalo nusu ya kwanza ni vita na nusu ya pili ni vita pia? Au Fredegund, jina la malkia mmoja wa Wafranki wa karne ya sita, ambalo ni amani na vita mahali pamoja? Wazee wale hawakuwa wapumbavu. Walichukua kipande cha jina kwa baba na kipande kwa mama, au kwa babu, wakaviunga, ili mtoto ajulikane ni wa nyumba gani. Maana ya maneno ilikuwa pambo. Kazi ya jina ilikuwa kuonyesha ukoo.

Ushahidi wa jambo hili umo katika utenzi wa kale sana wa Kijerumani, ulionakiliwa yapata mwaka 830, na ambao leo umehifadhiwa katika mji wa Kassel. Ndani yake twamwona Heribrand, na mwanawe Hildebrand, na mjukuu Hadubrand: majina matatu yenye kuanza kwa sauti moja na kwisha kwa neno moja. Baba na mwana wakutana kati ya majeshi mawili, baada ya kutengana miaka mingi. Baba auliza, wewe u mwana wa nani? Kijana ataja jina la baba yake, na hapo mzee ajua kwamba yule anayetaka kupigana naye ni mtoto wake mwenyewe. Kijana hasadiki, wakapigana. Mwisho wa utenzi umepotea, kwa kuwa ngozi ile haikutosha.

Desturi ya kumpa mtoto urithi wa pande mbili haikufa upesi. Salme binti Sayyid Said, aliyetoka Unguja mwaka 1866, aliolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Ruete. Mtoto wao wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1869, aliitwa Rudolph Said. Rudolph ni sifa na mbwa-mwitu, jina la baba. Said ni jina la babu mzaa mama, Sultani. Hildebrand angalielewa.

Mto wa pili ulitoka kanisani. Tangu karne ya kumi na mbili hivi, watu wakaanza kuwaita watoto wao kwa majina ya watakatifu, wapate waombezi mbinguni; na katika miji mingi Johannes akawashinda wote. Jina likitumika sana hukatika, kama kisu kinolewacho kila siku. Johannes likawa Hans. Nikolaus likawa Klaus. Margarete likawa Grete, na Elisabeth likazaa Else, Ilse na Liesel. Yale ya kale nayo yalikatwa: Heinrich likawa Hinz, na Konrad likawa Kunz, na kwa kuwa kila kijiji kilijaa watu hao, hata leo Mjerumani akitaka kusema fulani na fulani, watu wowote tu, husema Hinz na Kunz. Mara nyingine siku ndiyo iliyochagua jina. Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, siku ya Mtakatifu Martin. Ndiyo sababu akaitwa Martin.

Wafuasi wake wa karne ya kumi na saba na ya kumi na nane wakatunga namna nyingine, majina yaliyo kama maonyo: Traugott, yaani mtumaini Mungu, Fürchtegott, yaani mche Mungu, Leberecht, yaani ishi kwa haki. Jemadari Blücher, aliyekuja na jeshi lake Waterloo mwaka 1815 jua likielekea kuchwa, alikuwa Leberecht. Wenzetu wa Kilimanjaro waitwao Elifuraha au Eliamani hawataona ugeni katika majina hayo. Mozart naye, aliyebatizwa Salzburg mwaka 1756, aliandikwa Theophilus, neno la Kiyunani. Baba yake akalifasiri Gottlieb, na baadaye ulimwengu ukamjua kwa namna ya Kilatini, Amadeus. Lugha tatu, na mtu ni yule yule.

Katika karne ya kumi na tisa Wajerumani walizirudia hadithi zao za kale, na Siegfried, ushindi na amani, likapendwa tena. Wayahudi wa Ujerumani walilipenda pia. Nchi ilikuwa yao, lugha ilikuwa yao, wakawaita wana wao Siegfried na Ludwig kama jirani zao walivyowaita wao Josef na Michael. Mito ilikuwa imechanganyika hata hapana aliyeweza kusema maji haya ni ya wapi.

Ndipo ikaja amri ya tarehe 17 Agosti 1938. Serikali ya Hitler ilitoa orodha ya majina iliyoyahesabu kuwa ya Kiyahudi, na kila Myahudi ambaye jina lake halimo, tangu tarehe 1 Januari 1939, alilazimishwa kuongeza jina jingine: mwanamume Israel, mwanamke Sara. Yohana, Yosefu, Mariamu na Elisabeti hawakutiwa katika orodha, kwani Wajerumani wenyewe walikuwa wamejaa majina hayo. Mmoja wa maofisa walioitengeneza amri hiyo aliitwa Hans Josef Maria Globke. Yote matatu ni ya Kiebrania.

Huko Dresden alikaa mwalimu wa chuo kikuu, Victor Klemperer, mwana wa rabi, aliyekuwa amebatizwa. Jina lake ni la Kilatini, maana yake mshindi. Akaamriwa kuongeza Israel. Mkewe, ambaye hakuwa Myahudi, aliitwa Eva, jina la mwanamke wa kwanza katika Maandiko ya Kiebrania. Yeye hakuamriwa kitu. Klemperer alipona, na mwaka 1947 akatoa kitabu juu ya jinsi watawala wale walivyoiharibu lugha, na sura moja ndani yake yahusu majina. Globke naye aliendelea na kazi ya serikali, na tangu 1953 hata 1963 alikuwa ofisa mkuu katika ofisi ya Waziri Mkuu wa Ujerumani ya Magharibi.

Makarani wa daftari za vizazi walitakiwa kuiandika nyongeza ile pembeni mwa ukurasa, hata kwa mtu aliyezaliwa miaka hamsini nyuma. Mwaka 1945 Ujerumani iliposhindwa, amri ikafutwa. Katika kurasa nyingi pembeni mna maandishi mawili, moja chini ya jingine: la kwanza la kuongeza Israel au Sara, la pili la kutangua nyongeza hiyo. Wengi wa wenye majina hayo walikuwa wamekwisha uawa kabla ya karani kuandika lile la pili.