Ujifunzaji wa Mashine Katika Kubashiri Hitilafu za Seva

Mkazi wa Kata ya Wampembe, Wilaya ya Nkasi, mwambao wa Ziwa Tanganyika, anapolipia huduma ya Serikali kwa kumbukumbu namba, malipo yake hupitia kwenye seva zilizo mbali na Mkoa wa Rukwa. Seva hizo zikipata hitilafu ghafla, huduma inaweza kusimama katika mikoa mingi kwa wakati mmoja.

Ili kupunguza athari hiyo, wataalamu wa huduma za wingu hutumia ujifunzaji wa mashine, ambao ni tawi la akili mnemba. Programu hupewa rekodi za nyuma za seva, zikiwemo joto, makosa ya diski na muda wa kujibu maombi, pamoja na tarehe za hitilafu zilizotokea. Hapo hujifunza dalili zinazotangulia hitilafu. Dalili hizo zikijitokeza tena, kazi huhamishiwa seva nyingine mapema.

Mbinu hii ina mipaka. Mwaka 2007, wahandisi wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Diski iliyoonesha kosa la kwanza la ukaguzi ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kuharibika ndani ya siku 60. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizoharibika hazikuonesha hata moja ya dalili nne kuu.

Kwa sababu hiyo, ubashiri hauondoi ulazima wa kutunza nakala rudufu katika kituo zaidi ya kimoja, ili hitilafu isiyotarajiwa isipoteze taarifa za mwananchi.