Udhibiti wa Ufikiaji, Ruhusa na Mamlaka: Nani Aguse Mipangilio ya Maunzi?

Kwenye laptopu nyingi zinazoendeshwa na Linux kuna faili iitwayo /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness. Ndani yake mna namba moja tu, kiwango cha mwangaza wa skrini. Jaribu kuibadilisha ukiwa mtumiaji wa kawaida, utakataliwa: mwenye faili ni root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, na wengine wote wameachiwa kusoma peke yake. Namba hiyo haikuhifadhiwa diskini kama barua au picha. Ukiisoma, kerneli hukupa kiwango kilichowekwa mara ya mwisho. Ukiiandika, taa ya skrini yenyewe hupanda au kushuka.

Kazi ya kuamua nani aguse mipangilio ya namna hii tumezoea kuiita udhibiti wa ufikiaji. Istilahi hiyo inatosha kwa barua na picha. Kwa vifaa inaficha nusu ya jambo, kwa sababu kukifikia kifaa na kukiamuru ni mambo mawili. Abiria akishalipa nauli ana haki ya kukaa ndani ya daladala. Haki ya kushika usukani hana.

Tatizo hili ni la zamani. Unix iliamua kuvionyesha vifaa kama faili ndani ya /dev, kila kimoja na mwenyewe, kundi lake na ruhusa zake. Lakini kifaa kina mambo mengi yasiyoingia katika kusoma na kuandika: kasi ya laini, kufungua trei ya CD, kubadili programu iliyomo ndani ya kifaa chenyewe. Kwa hayo, Toleo la 7 la Unix, mwaka 1979, lilileta wito wa ioctl, ambao hubeba namba ya amri na kuipeleka kwa kiendeshi. Ruhusa hukaguliwa kifaa kinapofunguliwa. Amri zinazofuata, maana yake inajulikana na kiendeshi, na ukali wa ukaguzi wake unategemea aliyekiandika kiendeshi hicho.

Madhara yake yalionekana wazi mwaka 2004. Wakati huo mtumiaji wa Linux aliyeruhusiwa tu kusoma CD aliweza kukitumia kifaa amri ghafi za SCSI, zikiwemo za kuandika upya programu ya ndani ya kifaa. Kwa maneno mengine, ruhusa ya kusikiliza muziki ilitosha kukiua kifaa kabisa. Toleo la 2.6.8 la Linux, lililotoka Agosti mwaka huo, likaweka orodha: amri salama kwa aliyefungua kwa kusoma, amri salama kwa aliyefungua kwa kuandika, na zilizobaki zote zikahitaji CAP_SYS_RAWIO. Watu waliozoea kuchoma CD bila kuwa root wakajikuta wamekwama, na malalamiko yalikuwa mengi. Hata hivyo uamuzi ulikuwa sahihi, kwani kuanzia hapo kerneli ilikagua amri yenyewe, haikuishia mlangoni.

Hiyo CAP ni sehemu ya nguvu za root, ambazo Linux 2.2 ilizigawa vipande mwaka 1999 ili programu ipewe inachohitaji tu. Wapo wanaoviita vipande hivyo uwezo. Mimi nasema mamlaka. Programu ina uwezo wote wa kutuma amri ghafi. Inachokosa ni mamlaka ya kuituma. Ruhusa nayo ibaki palepale ilipo, kwenye faili na kwenye simu zetu zinazouliza kama turuhusu programu itumie kamera.

Kusoma nako kusichukuliwe kirahisi. Prosesa za Intel huhesabu nishati zinazotumia, na Linux ilikuwa ikimwonyesha kila mtumiaji hesabu hiyo kupitia faili ya energy_uj. Novemba 2020 watafiti, wakiwemo wa chuo kikuu cha teknolojia cha Graz, walionyesha katika shambulio waliloliita PLATYPUS kwamba kupanda na kushuka kwa namba hizo kunaweza kufichua funguo za usimbaji. Faili ikafungwa, ikabaki ya root peke yake.

Kwa mwangaza wa skrini hakuna hatari ya kiasi hicho, ila si busara kumpa kila mtu funguo za root kwa sababu ya taa. Wengine huandika kanuni ya udev, programu inayosimamia faili za vifaa, inayolikabidhi kundi la video faili ile. Njia ninayoipendelea ni ya logind, huduma ya systemd inayosimamia vipindi vya watumiaji walioingia, ambayo tangu systemd 243 ya mwaka 2019 hupokea ombi la SetBrightness, ikahakikisha mwombaji ndiye mwenye kipindi kinachohusika, kisha ikaiandika namba kwa niaba yake. Mtumiaji hapewi ruhusa ya faili wala mamlaka yoyote. Anapewa idhini ya tendo moja.

Na root mwenyewe sasa ana mipaka. Linux 5.4, ya mwaka huohuo, ina lockdown, ninayoiita ufungaji wa kerneli. Ukiwashwa, hata root hawezi kuandika kwenye rejista za MSR za prosesa wala kupenya kumbukumbu kwa kupitia /dev/mem.